Marehemu Tekla Kalinga, Aliyewatafutia Mbwa Kwao

Wasifu huu umeandaliwa na familia na kusomwa na mdogo wa marehemu, Bwana Abrahamu Kalinga, Iwambi, Mbeya, Jumamosi tarehe 18 Agosti 1979.

Tekla Kalinga, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Mama Sekela, alizaliwa tarehe 14 Februari 1926 kijijini Mgama, mkoani Iringa, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Yohani Kalinga na Bibi Regina. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi, na shamba lake lilipakana na msitu uliojaa ngedere na nguruwe pori, kwa hiyo mbwa pale nyumbani hawakukosekana. Tekla alipopata nguvu ya kupanda dungu alipewa kazi ya kulinda mahindi pamoja nao. Huko shambani alikaa kutwa, akila viazi vya kuchoma na kuwamegea wenzake. Bibi Regina husema kwamba binti yake alijua kuwaita mbwa kwa majina kabla hajajua kuwaita shangazi zake, na shangazi mmoja alichukia kweli.

Mwaka 1936 alianza shule ya misheni Tosamaganga, akakaa bweni mpaka alipomaliza darasa la sita mwaka 1942. Alikuwa na mwandiko mzuri na kichwa chepesi cha hesabu, ila kuimba hakuweza, na hilo alilikubali mwenyewe. Muhula wa pili mbwa mmoja wa jikoni alimzoea akawa analala chini ya dirisha la darasa lao. Sista aliyewafundisha alimvumilia kwa muda mrefu. Siku moja katikati ya sala mbwa yule akapiga chafya, darasa zima likaangua kicheko, na Tekla akapewa adhabu ya kufyeka majani kwa sababu alipoulizwa mbwa ni wa nani alijibu, "Ni wangu, Sista." Hakuwa wake. Alisema hivyo ili mbwa asifukuzwe.

Baada ya shule alisomea ukunga katika hospitali ya misheni, akamaliza mwaka 1946, na kuanzia Januari 1947 akafanya kazi katika zahanati za vijijini Iringa. Alipohamia Mbeya aliendelea na kazi hiyo hiyo hadi alipostaafu kwa sababu ya ugonjwa mwezi Novemba 1978. Mikono yake ilipokea watoto wengi wa Mwanjelwa, na baadhi yao wamekuja leo wakiwa na watoto wao mgongoni. Wanaokumbuka chumba chake cha uzazi wanasema hakuwahi kumpigia kelele mama mwenye uchungu. Alikuwa anavuta kigoda, anakaa karibu, anashona kitu chake, na kusema, "Mimi nipo. Chukua muda wako." Maneno hayo aliyatumia baadaye kwa viumbe wengine.

Tarehe 9 Juni 1951 alifunga ndoa na Bwana Lutengano Mwasomola, dereva wa malori ya barabara, mwenyeji wa Tukuyu. Walikutana zahanati, yeye akiwa ameletwa na kidonda cha mguu. Wakajenga Mwanjelwa, wakajaliwa watoto watatu, Sekela, Saulo na Marta. Bwana Lutengano alikuwa mpole kwa kila mtu, lakini mbwa hakuwataka. Alipokuwa mdogo aling'atwa paja, na kovu analo mpaka leo. Kabla ya harusi aliweka sharti moja tu, kwamba nyumbani kwao hapatakuwa na mbwa. Tekla alikubali, na kwa miaka ishirini na zaidi alilitimiza bila kunung'unika.

Sharti lile lilivunjika mwezi Oktoba 1974.

Mwezi huo watu wa Mgama walikuwa wanahamia kijiji kipya, kama ilivyokuwa kote mkoani wakati ule. Tekla aliomba likizo akaenda kumsaidia mama yake kuhama. Kazi ilikuwa ya haraka. Paa ziliezuliwa, vyungu vikafungwa kwenye majani makavu, kuku wakatiwa vikapuni, na lori likaja likajaa kabla wote hawajapanda. Mbwa hawakupata nafasi. Walikimbia nyuma ya lori mpaka mtoni, halafu wakaachwa.

Siku chache baadaye Bibi Regina alikumbuka kwamba jiwe lake la kusagia limebaki uani. Tekla akarudi peke yake kulichukua. Kwenye mahame alikuta nyumba zimebaki kuta tupu, na mbele ya karibu kila mlango ameketi mbwa. Hawakuwa wamekwenda kutafuta chakula mbali. Walikuwa wamekonda mbavu zinahesabika, lakini kila mmoja alikuwa bado analinda kizingiti chake. Kwenye mlango wa Bibi Regina alikuwa amekaa jike mweusi mwenye kifua cheupe, ambaye hakuwa hata wa Bibi Regina, alikuwa wa jirani. Tekla alipomkaribia hakubweka wala hakukimbia. Alimwangalia tu kama mtu anayeuliza habari.

Tekla alisahau jiwe. Alikoka moto palepale kwenye mafiga ya zamani, akapika uji wa unga aliokuwa amebeba kama akiba yake ya safari, na mchana ule ndio ulioanzisha kazi iliyomjaza furaha kuliko kitu chochote katika maisha yake ya utu uzima. Alizoea kusimulia kwamba ilikuwa kama siku ya kwanza aliyopokea mtoto peke yake.

Bwana Lutengano alipokuja kumchukua na lori alimkuta mkewe amekaa kando ya barabara na mbwa saba wamefungwa kamba za katani.

"Mama Sekela, hawa ni akina nani?"

"Ni wageni."

"Wanakwenda wapi?"

"Kwetu kwanza. Halafu tutaona."

Bwana Lutengano alizunguka lori mara moja akikagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Kisha akasema, "Mimi sitawagusa."

"Sikukuomba uwaguse, Baba Sekela. Nakuomba uendeshe taratibu kwenye kona."

Hivyo ndivyo mbwa wa mahame walivyoingia Mwanjelwa. Majirani walikuja kutazama, na kila mmoja alikuwa na jina la kupendekeza. Enzi zile, kama mnavyojua, wengi walitumia jina la mbwa kumsema jirani. Ungesikia mtu anaita "Semeni" au "Hayawahusu" kwa sauti kubwa saa ya chakula. Tekla alikataa. Alisema mbwa si gazeti la kupashana habari. Aliwapa majina kwa tabia zao. Yule jike mweusi alimwita Ngoja.

Alianza kuwatafutia watu. Hakumpa mbwa mtu yeyote kabla hajafika nyumbani kwake na kukaa. Alitaka kujua nani anapika, nani analala chumba gani, watoto wana umri gani, na mtu akisafiri nani atabaki. Kuna mzee mmoja mwenye cheo, ambaye jina lake tunaliacha, alikuja na gari kuchagua mbwa mkali wa kufunga mnyororo mchana na usiku. Tekla alimpa chai, akamwambia, "Baba, wewe unahitaji kufuli. Madukani zipo." Mzee yule alicheka mwishoni, na alipojenga ukuta alirudi akapewa mbwa bila mnyororo.

Alikuwa na taratibu zake za kumwingiza mbwa katika nyumba mpya, na waliochukua kwake wanazijua kwa moyo. Ugali wa kwanza lazima utoke mkononi mwa mwenye nyumba, siyo mkononi mwa Tekla. Mbwa atandikiwe nguo iliyovaliwa na haijafuliwa, ili alale na harufu ya watu wake wapya. Asikodolewe macho. Asiitwe kila dakika. Watu waendelee na kazi zao karibu naye, wapepete, wafue, wagombane kama kawaida yao, na yeye atasogea atakapokuwa tayari. Baadhi walisogea siku ileile, wengine walijificha chini ya kitanda mpaka watu wakakata tamaa, na huyo wa chini ya kitanda mara nyingi ndiye aliyekuja kuwa hapendi kuachwa hata kwenda dukani. Watu walimuuliza, tutajuaje kwamba ameshazoea? Jibu lake lilikuwa moja. Mbwa ambaye hajambwekea mtu bado ni mgeni. Siku atakayobweka anakuwa ametamka kwamba hapa ni kwake na wewe unayepita ujieleze.

Kwa kipimo hicho Ngoja alikuwa mgeni wa kudumu. Alikaa Mwanjelwa zaidi ya mwaka mmoja bila kutoa sauti. Tekla alimpeleka kwenye nyumba mbili, na zote mbili alikaa mlangoni akiangalia barabara, hali, hanywi, mpaka akarudishwa. Wakati huohuo wengine walikuwa wanaongezeka, maana habari zilienea, na watu waliofunga kambi za barabara au waliohamishwa kazi walikuja kumwachia mbwa wao getini. Mmoja wao alikuwa kibogoyo mzee kutoka kambi ya barabara, ambaye Tekla alimpa jina la Mstaafu.

Mwezi Machi 1976 kichaa cha mbwa kiliingia mjini. Ikatoka amri kwamba kila mbwa achanjwe na avae mkanda, kwamba nyumba moja isizidi mbwa wawili, na kwamba kuanzia Jumatatu inayofuata watakaozidi au watakaozurura watapigwa risasi. Watu walidhani Tekla atapiga kelele. Hakupiga. Katika kazi yake aliwahi kumuuguza kijana aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, na hakuisahau ile sauti ya mtu anayeogopa maji. "Amri ni ya haki," aliwaambia watoto wake. "Kazi yetu ni kuwahi."

Na waliwahi. Ile wiki nyumba yao ilikuwa kama ofisi ya uchaguzi. Sekela alikwenda Uyole, Saulo akapanda mlima kwa wakulima wa Kisafwa, Marta akazunguka kwa wauguzi wote anaowafahamu mama yake. Mbwa wote walichanjwa, wakipelekwa kwa bwana mifugo wawili wawili. Kila jioni familia ilikutana kuhesabu waliopata kwao, na kila aliyepata alishangiliwa kama timu imefunga bao. Bwana Lutengano alikaa kando na redio yake, lakini Marta aligundua kwamba alikuwa ameipunguza sauti ili asikie.

Ijumaa walikuwa wamebaki wanane, Ngoja akiwa mmojawapo, na mjini nyumba zilikuwa zimekwisha. Hapo ndipo Bwana Lutengano alipozungumza. Alisema anamfahamu dereva mmoja, Magesa, anayeleta mchele Mwanjelwa kutoka kinu cha Rujewa na kurudi na lori tupu. Huko Usangu kuna Wasukuma waliohamia na ng'ombe, na fisi wanawasumbua. Aliwahi kunywa maziwa kwa mmoja wao, anaitwa Masunga, mtu mwungwana.

Tekla alimtazama. "Umeanza lini kufikiria mambo haya?"

"Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari," alisema Bwana Lutengano. "Mengine yanaingia yenyewe."

Jumamosi asubuhi Tekla alipanda nyuma ya lori la Magesa na mbwa sita. Mstaafu alibaki, kwa kuwa hakuna mfugaji anayetaka mbwa asiye na meno, na jike mmoja mdogo wa Marta akabaki kukamilisha wawili wa nyumba. Magonjwa na risasi vilikuwa nyuma yao, Usangu ilikuwa mbele, upepo ulikuwa mkali, na Tekla, mwanamke wa miaka hamsini na mkunga wa serikali, alisimama ameshika bomba la lori akicheka peke yake. Walipita Uyole. Walipokaribia Igurusi mbwa mmoja wa kahawia, ambaye wote walidhani amenenepa kwa uji, alianza kuzungukazunguka na kukwangua mbao.

Tekla aligonga paa la kebini. "Magesa, simama. Kuna mzazi huku."

Magesa alishuka mbio akidhani kuna abiria aliyejipenyeza Mwanjelwa. Alipoona ni mbwa akakaa kwenye ngazi ya lori akajifuta jasho. Tekla alikuwa ameshavua kitenge cha juu na kutandika. Alikaa chini, mgongo kwenye ubao, akasema taratibu, "Mimi nipo. Chukua muda wako." Watoto wanne walizaliwa pale kando ya barabara kuu, huku malori ya Zambia yakipita na madereva wakipiga honi.

Masunga aliwapokea kwenye boma lake nje ya Rujewa, pamoja na mkewe Mbuke. Alihesabu walioshuka, akahesabu tena.

"Mama, salamu nilizopata zilisema sita."

"Sita ndio hawa. Wengine wameamua wenyewe njiani."

Masunga, ambaye alikuwa mtu wa utani, alimuuliza kama ni kweli yeye ni Mhehe, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, na yeye hajawahi kuona Mhehe akigawa mbwa bila kuulizia chumvi. Tekla alimjibu kwamba chumvi ameiacha kwa wajomba zake Masunga waliotangulia kuomba waalikwe kwenye mlo huo. Tangu hapo waliitana shemeji. Masunga aliwaita jirani zake wenye ng'ombe, na kabla jua halijazama kila mbwa alikuwa amekula ugali mkononi mwa mtu wake mpya. Yule mzazi na watoto wake walibaki kwa Masunga mwenyewe. Ngoja alichukuliwa na Mbuke.

Wote walianza kuzoea isipokuwa Ngoja. Alilala kwenye lango la boma, kichwa kimeelekea barabarani. Mbuke alimtandikia khanga yake ya kulalia, akaweka maziwa karibu, akakaa kando yake akisukasuka kibuyu cha siagi kama alivyoelekezwa. Ngoja hakuonja. Tekla alituma salamu Mbeya kwamba atachelewa, akabaki. Siku ya nne, wakiwa wanachambua mchele, Mbuke alisema kwa sauti ya chini, maana aliona haya kumwambia mgeni wake neno kama lile.

"Dada, nimemwangalia sana huyu. Haangalii barabara. Anakuangalia wewe. Ukienda kisimani anageuka. Ukilala analala. Mimi atanitazama saa ngapi, na wewe upo?"

Baadaye Tekla alimwambia Marta kwamba neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli, na kwamba kwa mwaka mzima alikuwa anamwonea Ngoja huruma bila kujua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mlango wa mahame. Alifunga mzigo wake. Kesho yake Magesa alipopita na mchele alipanda kebini bila kuaga mbwa yeyote.

Ngoja alilisikia lori likiwashwa. Lori moja lilishamwacha Mgama, na hili hakutaka limwache.

"Mama, anakuja," alisema Magesa akiangalia kioo.

"Endesha."

"Anakimbia kweli, Mama. Ulimi uko nje."

"Endesha, Magesa. Nakuomba."

Tekla aliziba uso kwa mikono miwili, hakugeuka. Kwa hiyo yaliyotokea nyuma tumeyapata kwa Magesa aliyekuwa anaangalia kioo. Mbuke alitoka bomani akikimbia na yeye, miguu mitupu, akiita, "Ngoja! Ngoja!" Alipoona hawezi kumfikia aliacha kukimbia, akakaa chini katikati ya barabara, kwenye vumbi, akanyamaza. Mbwa akasikia kimya. Akapunguza mwendo, akasimama kati ya lori linalokwenda na mama aliyekaa. Aliliangalia lori, akamwangalia Mbuke. Magesa alikuwa amekaribia kona na alipunguza gia ili aone mwisho wake. Ngoja aligeuka, akarudi pole pole, akalala ubavuni kwa Mbuke.

"Amerudi," alisema Magesa.

Tekla alilia mpaka Chimala. Hapo Magesa alimnunulia ndizi za kuchoma.

Jumatatu ile amri ilipoanza kazi, Tekla akiwa bado Rujewa, nyumbani kwa Mwasomola walikutwa mbwa wawili, wamechanjwa, wana mikanda. Aliyekuja kukagua alishangaa, kwa jinsi alivyokuwa amesikia sifa za nyumba ile. Alipotaka kumwandika Mstaafu kwa jina la mwenye mbwa, ni Bwana Lutengano aliyejibu.

"Andika Lutengano Mwasomola."

Watoto wote waligeuka. Alisema mbwa yule hana jino hata moja, kwa hiyo hawezi kuvunja sharti la mtu aliyeng'atwa. Tangu siku hiyo yeye na Mstaafu walikuwa wanakwenda pamoja kununua betri za redio. Baridi ya Juni ilipokaza, Tekla alitoka uani asubuhi akamkuta Mstaafu amelala ndani ya koti la kazi la mume wake, vifungo vimefungwa. Alicheka kazini siku nzima, na wenzake wa kliniki wanakumbuka.

Mwezi Julai 1976, baada ya mavuno ya mpunga, alipata nafasi ya kwenda Rujewa. Hakutoa taarifa. Aliteremka barabarani akatembea kwenye mabua mpaka akaliona boma. Kabla hajafika langoni alitoka mbwa mweusi mwenye kifua cheupe, amenona, manyoya ya shingo yamesimama, akamjia moja kwa moja. Akasimama mbele yake akabweka. Sauti yenyewe ilikuwa nene, ya kukwaruza kidogo, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzungumza. Alibweka na kubweka, na Tekla hakusogea.

Masunga alitoka na fimbo, amefadhaika. "Shemeji, samahani sana. Huyu siku hizi hataki mtu. Ngoja, nyamaza!"

"Mwache," alisema Tekla, na tayari alikuwa amekaa chini kwa kicheko na machozi. "Mwache aniulize mimi ni nani. Sijawahi kuisikia sauti yake."

Ngoja alimsogelea, akanusa viatu, akanusa mkono, na mkia ukaanza kwenda. Alimlamba Tekla usoni mara kadhaa. Kisha akarudi langoni kwa Mbuke, akakaa hapo. Tekla aliwaambia wote aliokutana nao mwezi ule, wagonjwa, makondakta na padri, kwamba amebwekewa.

Kazi hiyo aliendelea nayo. Kwa hesabu ya Marta, kuna mbwa wa mama yake katika karibu kila kata ya mji huu, wengine Iringa mjini, wengine Usangu, na mmoja aliyehamia Tunduma na familia ya afisa forodha. Alikuwa na makosa yake pia, na mwenyewe angetaka yasemwe. Alichelewesha chakula cha watu kwa ajili ya chakula cha mbwa. Aliwahi kumchukua mbwa ambaye hakuwa amepotea, akamtafutia nyumba nzuri sana, na mwenye mbwa akaja na mjumbe wa nyumba kumi. Shauri lilikwisha kwa chai, kama mengi ya kwake.

Mwaka 1978 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi kwenye kilima. Madaktari walisema ni moyo. Alitibiwa hospitali ya serikali hapa Mbeya, akapata nafuu, akarudia tena mwezi Juni mwaka huu. Alipokuwa wodini Mbuke alikuja kutoka Rujewa na kibuyu cha maziwa, akakaa naye siku mbili, na walizungumza mambo ya ng'ombe, wakwe na mbwa mpaka muuguzi akawaomba wapunguze. Alijua hali yake. Aliungama, akapokea sakramenti, akawaaga watoto wake mmoja mmoja. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 16 Agosti 1979, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mume wake.

Marehemu ameacha mume, Bwana Lutengano Mwasomola, mama mzazi, Bibi Regina Kalinga, aliyesafiri jana kutoka Iringa na ambaye tunamsalimu kwa Kihehe, kamwene, mbele yenu wote, mdogo wake Abrahamu, watoto wake Sekela, Saulo na Marta, wajukuu watano, na shemeji zake Masunga na Mbuke, ambao familia inawahesabu kama ndugu.

Ameacha pia mbwa watatu ambao hawajapata watu. Jambo hili lisingekuwamo katika wasifu kama siyo agizo lake mwenyewe. Jumanne alimwambia Marta, "Siku hiyo watakuja watu wengi sana, wote wamekaa mahali pamoja na mioyo yao ni laini. Ukinyamaza nitakushangaa." Kwa hiyo familia inatii. Wa kwanza ni dume la kijivu, anaogopa radi, anapenda watoto. Wa pili ni jike mwekundu, mwizi wa mayai, lakini mlinzi hodari. Wa tatu ni mchanga bado, aliokotwa stendi mwezi Mei, na anajificha chini ya kitanda. Wote wamechanjwa. Baada ya chakula, mwenye nia amwone Marta pale chini ya mparachichi. Atawauliza maswali yaleyale ya mama yake, na asiyekuwa na jibu asione vibaya, arudi akishajenga. Atakayemchukua yule wa chini ya kitanda ajue kwamba atahitaji kusubiri, na asiwe na haraka ya kumwita.

Mama Sekela, umefika. Pumzika kwa amani ya Mungu, na chukua muda wako. Hawa watatu tutawapatia kwao.